Aliyeuza sura Paris, jina likabaki nje

  

Leo tuanzie saluni. Hatuingii ndani, tunaishia mlangoni, pale penye bango. Kila saluni mjini ina bango, na kila bango lina dada mmoja mzuri, kasukwa akasukika, shingo kaigeuza kidogo, macho yanaangalia mbali kama vile mchumba yuko ng'ambo. Mwulize mwenye saluni, "Huyu dada ni nani?" Atakucheka. "We nawe! Si picha tu hiyo."

Picha tu. Lakini nywele hazikujisuka zenyewe, jamani. Kuna binti wa watu alikaa kwenye kiti saa nzima baada ya saa nzima, akavutwa kichwa mpaka machozi yakamlenga, akapigwa picha, kisha akaenda zake kugombea daladala. Leo sura yake inauza misuko Mbagala mpaka Mwenge, na mwenyewe hana habari.

Vijana wa mjini tuna neno letu, "kuuza sura". Ila kuuza sura kuna namna mbili. Ipo ile ya kujipitishapitisha barazani ili uonekane umependeza. Na ipo ile ambayo sura inauzwa kweli, kwa fedha taslimu, isipokuwa fedha hizo hazipitii mfukoni kwako.

Nataka nikusimulie habari za bwana mmoja aliyeuza sura ya namna hiyo ya pili. Aliiuzia Paris, Ufaransa, mwaka 1848. Sura hiyo ipo mpaka leo, kwa sababu haikuwekwa kwenye karatasi. Iliwekwa kwenye shaba.

Tukisema shaba hapa usifikirie waya wa umeme. Namaanisha ile ya "medali ya shaba", anayovishwa mshindi wa tatu. Hiyo ni shaba iliyochanganywa na bati, kwa kawaida sehemu kama tisa kwa moja. Bati lenyewe ni madini, siyo haya mabati ya kuezekea. Mchanganyiko huo unayeyuka kwa moto mdogo kidogo kuliko shaba tupu, unatiririka mpaka kwenye vipembe vidogo vya kalibu, na ukipoa unakuwa mgumu kweli kweli. Ndiyo maana tangu enzi na enzi watu wamekuwa wakiusubu kupata sanamu.

Kazi inaanza na udongo. Msanii anamkalisha mtu mbele yake, anafinyanga sura. Kutokana na ule udongo inatengenezwa nakala ya plasta. Plasta inapelekwa kiwandani, mafundi wanaizungushia mchanga uliokandamizwa vizuri ili upate umbo lake, wanaitoa, kisha wanamimina shaba ya moto. Ikishapoa wanasugua, wanakata mabaki, wanachonga tena ukope na unywele. Mwisho wanaipaka tindikali na kuipasha moto mpaka ngozi ya sanamu inapata rangi, iwe kahawia, kijani au nyeusi ya kung'aa.

Hapo kuna kitu kimoja naomba ukikumbuke. Plasta ikishakuwepo, unaweza kusubu sanamu moja, kumi au mia. Aliyefinyangwa alikaa mara moja tu. Sanamu zinaendelea kutoka.

Basi bwana, Ulaya ya karne ya 19 ilishikwa na homa, homa ya Mashariki. Napoleon alivamia Misri mwaka 1798, Wafaransa wakaivamia Algeria mwaka 1830, na kila meli iliyorudi ilirudi na hadithi. Matajiri wakataka mazulia ya huko, wakataka madele ya kahawa, wakataka Waarabu juu ya farasi, wanawake wa nyumba za masultani, walinzi weusi wenye majambia kiunoni. Wasanii wakanusa soko, wakaingia kazini. Wachoraji walichora, na wachonga sanamu wakawasha tanuri.

Cha kuchekesha ni kwamba ukichukua ramani utakuta Algiers iko kusini mwa Paris, karibu mstari ulionyooka. Moroko ndiyo kabisaa, iko magharibi zaidi ya Paris! Lakini zote hizo ziliitwa Mashariki. Maana yake Mashariki hiyo haikuwa kwenye ramani. Ilikuwa kichwani mwa mnunuzi, nchi ambayo kila mwanaume ana upanga na kila mwanamke amejilaza tu, hapiki wala hafui.

Katika homa hiyo akatokea kijana mmoja, Charles Cordier, mzaliwa wa Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1827. Alikuwa akijifunza kazi Paris kwa bingwa wa sanamu, mzee François Rude. Siku moja akaingia mtu mle karakana, Mwafrika wa upande wa Sudan. Alikuwa amewahi kuwa mtumwa, sasa ni mtu huru, na riziki yake aliipata kwa kuwakalia wasanii, yaani kukaa modeli. Jina lake Seïd Enkess.

Cordier alikuwa na miaka 20 tu, umri ambao wengi wetu tulikuwa bado tunaomba nauli nyumbani. Alipomwona Enkess akaduwaa. Alikuja kueleza baadaye kwamba kazi ile ilimchukua siku 15. Akafinyanga kichwa na mabega, akaipeleka sanamu kwenye maonyesho makubwa ya Paris yaliyoitwa Salon.

Sikiliza sasa bahati ya mtu. Huo ulikuwa mwaka 1848, na tarehe 27 Aprili ya mwaka huohuo serikali mpya ya Ufaransa ikafuta utumwa katika makoloni yake. Mji mzima unaongelea uhuru wa mtu mweusi, na ukumbini amesimama mtu mweusi wa kufinyangwa. Wakati huo, kwetu huku, soko la watumwa la Unguja lilikuwa linapiga kazi kama kawaida. Lilikuja kufungwa mwaka 1873.

Ukiitazama sanamu ile humwoni mtumwa anayelia, humwoni kichekesho. Unamwona bwana aliyetulia, uso wa mtu ambaye ukimkuta nyuma ya meza utamwamkia kwanza ndipo useme shida yako. Kwa Ulaya ya wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Walizoea kumwona mtu wa rangi yetu kwenye sanaa kabeba sinia, kashika mwavuli wa bibi, au kainama chini ya taa. Safari hii yeye ndiye bwana wa sanamu.

Na shaba yenyewe ilimpenda. Miaka na miaka Wazungu walikuwa wakisifia marumaru nyeupe kama ndiyo rangi ya uzuri. Shaba ina weusi wake, ina wekundu wake kwa chini, ikipigwa na mwanga inameta kama ngozi iliyopakwa mafuta ya nazi. Mtu mweusi kwenye shaba hahitaji kuombewa ruhusa.

Mpaka hapo hadithi tamu, au siyo? Sasa soma kibao. Sanamu haikuandikwa Seïd Enkess. Iliandikwa Saïd Abdallah, wa kabila la Mayac, ufalme wa Darfur. Sura ya Enkess, jina la Abdallah. Mtu aliyekaa kwenye kiti akaenda zake, na kilichobaki ukumbini ni "mtu wa kabila fulani".

Mwaka 1851 Cordier akaleta mwenzake, mwanamke. Ana hereni, ana shanga shingoni, nywele za misokoto, kichwa kakishika vizuri. Ni sanamu nzuri mpaka unaona aibu kuikodolea macho. Jina lake la kwanza kwenye kibao? "Mwanamke mweusi wa pwani za Afrika", na neno walilotumia kwa "mwanamke mweusi" halikuwa la heshima. Jamani, pwani za Afrika! Pwani ipi? Dakar au Dar? Hiyo ni sawa na kuandika barua juu ya bahasha ukaweka "Kwa Dada, Duniani", halafu ukatarajia ifike.

Baadaye mwandishi Théophile Gautier akambatiza Vénus ya Kiafrika, yaani mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi wa kale, toleo letu. Jina likashika. Ni jina la sifa, sikatai. Lakini angalia, kapewa la mungu wa watu wengine wakati mama yake mzazi alikuwa ameshampa la kwake. Hilo la mama yake halijulikani mpaka leo.

Mwaka huohuo wa 1851 yakafanyika maonyesho makubwa ya dunia mjini London, ndani ya jumba la vioo. Sanamu zote mbili zikapelekwa. Nani akazinunua? Malkia Victoria mwenyewe! Zikaingia Osborne House, nyumba yake ya mapumziko kwenye kisiwa cha Wight. Nakala nyingine za shaba leo ziko Baltimore na Chicago, Marekani, na Paris kwenyewe. Kwa hiyo dada wa "pwani za Afrika" kakaa nyumba moja na malkia wa Uingereza, na malkia hakujua amwite nani.

Sasa nisije nikamwonea Cordier, maana yeye hakuwa mtu mbaya wa sinema. Mwaka 1862 alisimama mbele ya chama cha wataalamu wa elimu ya binadamu pale Paris akasema kwamba uzuri siyo mali ya rangi moja, kila watu wana uzuri wao. Kumbuka ukumbi ule ulikuwa umejaa waheshimiwa waliokuwa wakipima mafuvu ya watu ili wajue nani binadamu zaidi ya nani. Kusema vile kulihitaji moyo.

Lakini mkate wake ulitoka upande uleule. Kwa miaka kama 15 alitengeneza sanamu kwa ajili ya makumbusho ya elimu viumbe ya Paris, ambako watu wa mataifa mbalimbali walipangwa kwa "aina" zao. Na njia yake aliieleza mwenyewe. Alikuwa akitazama watu wengi wa taifa moja, anachukua kwa huyu pua, kwa yule paji la uso, anaviunganisha apate mmoja mzuri anayewawakilisha wote. Ukiwawakilisha wote, wewe mwenyewe unaenda wapi? Ndiyo mtego huo. Alituheshimu kama kundi, na katika heshima hiyohiyo mtu mmoja mmoja akatoweka.

Mwaka 1856 serikali ilimpeleka Algeria. Kule akakutana na jiwe la onikisi, lenye mawimbi ya rangi ya maziwa na asali. Weee! Akaanza kuchanganya, kichwa cha shaba, joho la onikisi. Kazi zake zikawa kama bwana harusi wa Kizaramo, kila kitu kinang'aa. Matajiri wakapanga foleni. Algeria ikamwingia damuni hadi mwisho, na alifia Algiers mwaka 1905.

Wakati huohuo viwanda havikulala. Fundi mmoja wa Ufaransa, Achille Collas, alibuni mashine ya kupunguza ukubwa wa sanamu bila kuharibu umbo. Akaungana na mfanyabiashara Ferdinand Barbedienne, wakaanza kutoa nakala ndogo ndogo za sanamu kubwa. Ichukulie kama mashine ya fotokopi, ila ya shaba. Sanamu ikashuka kutoka ikulu ikaingia sebuleni kwa mwenye duka na mwenye benki. Unamaliza kula, unakunywa kahawa, juu ya kabati kuna mpanda farasi wa Kiarabu anapambana na simba. Mwarabu mwenyewe yuko kwao, nchi yake inatawaliwa na jeshi la hao hao wanaomsifia ushujaa.

Kama Paris ilikuwa ya wastaarabu, Vienna ya Austria ilikuwa ya wajanja. Mwishoni mwa karne ya 19 karakana za kule zilitoa vijisanamu vya shaba vidogo vya kuweka mezani, vilivyopakwa rangi kwa mkono bila kuchomwa tena motoni. Muuza mazulia, Mwarabu anaswali, kijana na ngamia, wote wamevalishwa kwa rangi kali kama vitenge vipya. Bingwa wao alikuwa Franz Bergmann.

Huyu bwana alikuwa na biashara ya pembeni, hapa wadogo zetu wafumbe macho. Alitengeneza vijisanamu vyenye bawaba ya siri. Unamwona mtu kajifunika joho la heshima, au kuna zulia limening'inia kistaarabu. Ukigusa mahali fulani, joho linafunguka. Ndani kuna mwanamke kama alivyozaliwa! Mgeni mchungaji akibisha hodi, unafunga, sebule inarudi kwenye utakatifu. Hata Bergmann aliona soni. Kazi hizo hakuzitia sahihi ya Bergmann, aliligeuza jina kinyumenyume akaandika "Nam Greb". Jaribu kulisoma kutoka nyuma uone.

Tucheke, lakini tuelewane. Kwa nini joho lilikuwa la Mwarabu, siyo koti la Mzungu wa Vienna? Kwa sababu mwanamke wa mbali ndiye aliyeruhusiwa kuwa uchi mezani kwako bila wewe kuonekana mhuni. Ungeweza kusema, "Ni utamaduni wa huko." Huko wapi? Wengi wa wanaume waliosubu wanawake wa nyumba za ndani hawakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba hizo. Wasingeruhusiwa hata sekunde moja. Kwa hiyo walichotuuzia siyo walichokiona, ni walichokitamani.

Na ajabu ni kwamba miaka hiyohiyo, ndani ya Ujerumani, aliishi mama mmoja aliyejua nyumba hizo zikoje kutoka ndani. Ni wa kwetu huyo. Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani Seyyid Said, kazaliwa jumba la Mtoni, Unguja, mwaka 1844, mama yake suria aliyetoka Circassia. Aliolewa na Mjerumani mwaka 1867 akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake, na humo akawachamba Wazungu wanaopita mji mmoja wa Kiarabu siku chache kisha wanarudi kwao na hadithi ndefu kuhusu wanawake ambao hawakuwaona. Si kila alichosema tutakubaliana nacho, maana utumwa aliutetea. Ila kwa hili la wanawake alikuwa na haki ya kusema. Alionyesha watu wenye swala zao, wageni wao, mashamba yao, ugomvi wao. Lakini nani alimsikiliza? Kijisanamu chenye bawaba kinauzika haraka kuliko kitabu.

Utasema, "Bwana mwandishi, hayo ya kale yananihusu nini?" Yanakuhusu. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Orsay, pale Paris, liliandaa maonyesho makubwa kuhusu modeli weusi katika sanaa ya Ufaransa. Watafiti waliingia kwenye madaftari ya zamani na barua, wakitafuta swali moja tu. Huyu ni nani? Ilikuwepo picha moja maarufu, ya rangi, iliyochorwa na mwanamama Marie-Guillemine Benoist na kuonyeshwa mwaka 1800. Kibao chake cha kwanza kilimtaja mwanamke yule kwa rangi yake basi. Kwenye maonyesho hayo akaandikwa Madeleine, jina alilokuwa akiitwa katika maisha yake. Miaka 219 kusubiri jina lako! Hata namba ya nyumba haichelewi hivyo.

Na Seïd Enkess naye siku hizi anatajwa vitabuni pamoja na sanamu yake. Sura na jina vimekutana tena, angalau hivyo. Aliyebaki ni yule dada wa hereni na shanga. Yeye yuko Baltimore, yuko Chicago, yuko kisiwa cha Wight, amependeza kupita kiasi, na hana jina. Shaba ilihifadhi kila kitu chake mpaka mikunjo ya shingo. Kitu kimoja tu haikuhifadhi, na hicho kilikuwa rahisi kuliko vyote. Cordier angemwuliza tu, "Dada, unaitwa nani?" akaandika.

Mimi sisemi sanamu hizo ziyeyushwe. Hapana. Ni nzuri, na uzuri ule ni wetu pia. Enkess alipokaa mbele ya kijana wa miaka 20 alijua anachofanya. Alikaa kama mtu, na utu ule umeganda mle ndani hata kibao cha uongo hakikuweza kuufuta.

Ninachosema ni hiki, ndugu yangu unayejiandaa kuuza sura. Iwe ya kalenda, ya tangazo la sabuni, ya video ya muziki au ya bango la saluni, uliza mambo mawili kabla ya kutabasamu. Nakala zitakuwa ngapi, na jina langu litaandikwa wapi? Watakuambia una maringo. Waache. Na wewe mwenye saluni, siku ukipata mteja kasukwa akasukika ukataka kumpiga picha, mwulize jina. Andika chini kabisa, hata kwa herufi ndogo, "Huyu ni Mwajuma wa Tandale". Wateja hawatapungua.

Mie jana nilipita pale kwa jirani yangu msusi nikamwuliza tena kuhusu dada wa kwenye bango. Kanijibu, "Kaka, umempenda nini?" Nimemwambia ndiyo, nataka kumjua jina. Kaahidi kumwuliza aliyemchapia bango. Nikipata jibu nitakuambieni.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Nywele ni zenu, tunzeni.